Pumzi ya Shemeji

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona barua. Simu ninayo na haijaharibika. Tatizo ni kwamba shemeji yako aliunganisha simu yangu na kompyuta ya dukani kwake, ati wateja wakinitumia picha za nembo zao azipate palepale azichonge kwenye mihuri. Kila ujumbe unaoingia kwangu unaonekana kule. Kupiga nako siwezi, maana kuta za nyumba hii unazijua, ukikohoa chumbani mtu wa sebuleni anakupa pole. Kwa hiyo nimeshika kalamu kama zamani ulipokuwa shule ya bweni, na bahasha nitaipeleka posta mwenyewe.

Ni kuhusu huyohuyo shemeji yako. Unakumbuka mwaka jana moyo ulivyomwangusha, daktari akamwambia achague: sigara au mke na watoto. Alichukua muda kidogo kujibu, jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo, lakini alituchagua sisi. Tangu hapo ananyonya lile dude la umeme lenye harufu ya stroberi. Nyumba nzima inanukia kama pipi iliyosahauliwa mfukoni. Nimevumilia, kwa kuwa aliniapia ni mvuke tu, maji na harufu, hata nikotini haimo. Kichupa chenyewe kimeandikwa hivyo.

Sasa roho yangu haitulii. Anarudi kutoka dukani kichwa kinamgonga, uso umemshuka, chakula hataki, analala kwenye kiti na viatu vyake. Na nguo zake zinanuka moshi. Si stroberi, ni moshi. Nikimuuliza anasema ni mpira anaochonga. Mimi nimeishi na mihuri ndoa nzima, mpira unavyonuka naujua. Huyu mtu ana lake jambo.

Kazi yako wewe ni kupima moshi wa watu. Nimekuwekea humu kichupa chake, nilikichomoa kwenye koti akiwa bafuni, na sasa hivi anakitafuta chini ya kitanda huku mimi namsaidia kutafuta. Niambie kuna nini ndani, na uniambie kwa lugha ya nyumbani, si ya maabara. Daktari alisema wazi: akirudia sigara, tunamzika. Sitaki kuitwa mjane kwa sababu ya mtu aliyekuwa ananidanganya usoni.

Wasalimie wote kazini kwako.

Dada yako


Tarehe 17 Machi

Dada,

Kichupa kimefika na nimekipima baada ya saa za kazi, mkuu wa maabara akidhani nimebaki kuosha vioo.

Kwanza nikueleze tunavyofanya. Tuna mashine hapa tunayoiita Mjomba. Kazi yake ni kuvuta. Unaipa sigara, inavuta, inapumzika, inavuta tena, kwa kipimo kilekile kutwa nzima, wala haikohoi wala haikuombi kiberiti. Moshi unanaswa kwenye vichujio na mifuko, halafu sisi tunauchambua kujua umebeba nini. Tunamvutisha Mjomba kila kitu: sigara za kawaida, tumbaku ya kusokota, shisha, na haya madude ya umeme.

Moshi wa sigara ya kawaida una maelfu ya kemikali, kwa sababu jani linaungua. Lami inatoka hapo, na sumu nyingi zinazoleta saratani zinatoka hapo. Kifaa cha shemeji hakichomi kitu. Kina waya mdogo unaopata moto na kupasha maji mazito, glisirini na kimiminika kingine kama hicho, mpaka yanakuwa ukungu. Huo si mvuke wa chai, dada, asikudanganye mtu. Ni matone madogo sana yenye nikotini, ladha za kiwandani, na chembe za metali kutoka kwenye huo waya. Akikivuta kikiwa kimekauka, maji yanaungulia na kutoa formaldehidi, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Lakini ukilinganisha na sigara, vingi vimo kwa kiasi kidogo zaidi, na lami haimo. Si kitu kizuri. Ni kibaya kidogo kuliko kile kibaya kabisa.

Kuhusu kichupa: maandishi yanasema hakuna nikotini. Imo, tena si haba. Kwa hiyo chupa imesema uongo.

Lakini kichupa hakielezi nguo zinazonuka moshi, na hilo ndilo lililonikaa kichwani. Kuna gesi inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hutoka pale kitu kinapoungua: jani, mkaa, kuni, mafuta. Sigara inaitoa kwa wingi. Shisha inaizidi, kwa sababu ya kile kipande cha mkaa kinachokaa juu yake. Kifaa cha umeme kinatoa kama hakuna. Gesi hii hukaa kwenye damu saa kadhaa, na mtu akipuliza kwenye kipimo, inaonekana.

Nimekutumia kipimo kimoja, ni kile kinachotumika kliniki za watu wanaoacha sigara. Avute pumzi, aishike, apulize taratibu. Namba ikija chini ya sita, hajavuta kitu kinachoungua. Ikipita kumi, amevuta. Anaweza kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa mchana kutwa, lakini kipimo hiki hakina undugu na mtu.

Mdogo wako


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Umenifurahisha na umenitia hofu kwa pamoja. Kwa hiyo nikotini imo! Na alikuwa ananitazama machoni! Sikumwambia najua. Nimekaa kimya kama sijui kitu, napika, nafua, namwangalia.

Kipimo nimemwambia kimetoka kliniki ya moyo, ni mazoezi ya mapafu. Akakishika kwa furaha kama mtoto aliyeletewa filimbi. Alivyorudi kutoka dukani Jumatatu jioni akapuliza, ikaja ishirini na nne. Akaniuliza, "Nimefaulu?" Nikamwambia amefaulu sana. Nikaenda jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kuosha chochote.

Asubuhi yake, kabla ya kutoka, ikaja saba. Jioni ikapanda tena, ishirini na sita. Jumapili alishinda nyumbani akitengeneza mlango wa kabati, na jioni ikawa nne tu. Jumatatu akarudi na kile kichwa chake, akapuliza, ikapanda tena.

Sasa niambie mwenyewe. Mimi si msomi wa gesi, lakini hapa hata kipofu anaona. Kitu anachokifanya, anakifanya huko, mbali na macho yangu.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Dada,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Anavuta. Nisingekuandikia neno hili kama ningekuwa na shaka nalo. Ule ukungu wa stroberi hauwezi kumfikisha ishirini na nne hata akiunyonya toka alfajiri. Mjomba wetu anavuta vifaa vya namna hiyo kila siku na gesi hiyo haionekani kabisa kwenye mifuko. Ishirini na nne ni pumzi ya mtu anayevuta pakiti na zaidi, au anayekaa kwenye shisha. Na mpangilio wenyewe ndio unaomsema: siku za duka juu, Jumapili akiwa mbele yako chini, asubuhi imeshuka kwa sababu usiku amelala.

Ulisema nguo zinanuka moshi usioujua. Moshi wa sigara ya kawaida unaujua vizuri, uliishi nao miaka yote. Ndiyo maana naona uulizie kama pale mtaani kwake kuna mahali pa shisha. Wengi wanaoacha sigara wanakimbilia huko, wanadhani maji yale yanasafisha moshi. Hayasafishi. Saa moja ya shisha inaweza kumwingizia gesi kuliko sigara kadhaa, na kwa moyo kama wake hiyo ni hatari kubwa.

Najua unampenda, nami namheshimu, tena alinisomesha mwaka ule baba alipokuwa mgonjwa. Lakini namba ni namba. Mbane aseme.

Mdogo wako


Tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Nimembana.

Kwanza nilikwenda mwenyewe mtaani kwake bila kumwambia. Nikajifanya natafuta vifungo. Mahali pa shisha papo, mtaa wa pili, vijana wamekaa kwenye mito mchana kweupe kama hawana kwao. Yeye sikumkuta. Nikaenda dukani kwake, nikakuta mlango wa mbele ameufunga nusu kwa sababu ya vumbi la barabara, anachonga muhuri wa shule, macho mekundu kama mtu aliyelia. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida ya siku hizi, jenereta ya kinyozi wa jirani inanguruma uchochoroni hata kusalimiana mnapiga kelele. Nikamuuliza yule kinyozi, mume wangu hutoka kwenda wapi mchana? Akacheka, akasema, "Muhuri? Huyo hatoki hata kwenda kunywa chai, shemeji." Wanaume wanafichana, hilo unalijua. Nikaondoka nimeuma meno.

Siku ya pili akatapika. Nikamvuta mpaka zahanati. Daktari akamuuliza kama anavuta. Akajibu, "Niliacha, daktari. Nina hiki cha umeme tu." Mimi nikatoa namba nilizoziandika nyuma ya kalenda, nikasema, "Anavuta kwa siri, na ushahidi ninao." Daktari akazitazama, akamtazama yeye, akatikisa kichwa. Akaandika sigara, akampa dawa za maumivu, akamhubiria kidogo. Shemeji yako alikuwa anatazama viatu vyake.

Nyumbani ndiko yakaibuka. Akaapa kwa jina la mama yake, na kwa watoto. Nikamwambia hata nikotini uliniapia haimo, na imo. Akaniuliza nani kasema imo. Macho yangu yakaenda kwenye kile kipimo. Akasema, "Kwa hiyo nimekuwa nikipimwa." Hapo akavaa koti. Nami hasira zikanipanda, nikamwambia abaki hukohuko anakovutia, na arudi siku atakayokuwa tayari kusema kweli. Akachukua godoro la wageni akalibeba kichwani mpaka dukani. Mtaa mzima umeona.

Sasa analala kule. Alikuwa akipiga simu kila jioni kuulizia watoto, nami nikisikia sauti yake nalegea, kwa hiyo nimeizima simu. Sitalegea. Bora anichukie akiwa hai.

Dada yako


Tarehe 30 Aprili

Dada,

Umefanya sawa. Najua kinauma. Mtu anayevuta huwa hasemi kweli mpaka apoteze kitu, tumewaona wengi hapa wakija kwenye tafiti zetu. Mpe muda, atakuja.

Mimi mwenyewe siku hizi nashukiwa. Kuna kifaa kimoja cha umeme tunachokipima kwa ajili ya ripoti kubwa, na wiki hii mifuko yake imetoka na kaboni monoksidi ambayo haikupaswa kuwemo. Nimerudia, imerudi vilevile. Mkuu wa maabara anaona nimechanganya sampuli na za sigara. Hasemi, lakini ameanza kusimama nyuma yangu ninapofanya kazi, na jana nilimkuta anahesabu vichujio kwenye kabati langu. Miaka yote niliyofanya kazi hapa sijawahi kuchanganya sampuli hata moja. Nimemwambia. Ameniitikia ile ndiyo-ndiyo ya mtu asiyeamini.

Inakera, dada, kusema kweli na kutazamwa hivyo.

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Dada,

Nakupigia tangu jana jioni, simu yako bado imezimwa. Barua hii namkabidhi dereva wa basi linaloondoka mchana huu, ameniahidi ataifikisha mlangoni kwako. Sasa hivi nimekumbuka kompyuta ya dukani, nikakutumia na ujumbe, nikijua utaonekana kule hata simu ikiwa imezimwa. Nataka uonekane. Nimeandika: MTOENI SHEMEJI DUKANI SASA HIVI, HAJADANGANYA, NI JENERETA. Namba yake yeye sina, ilipotea na simu yangu ya zamani.

Shemeji havuti. Sikiliza nikueleze, halafu ukimbie, au kimbia kwanza.

Jana mkuu aliniambia nimvutishe Mjomba hewa tupu mbele yake, bila sigara, bila kifaa, bila chochote. Huwa tunafanya hivyo kila asubuhi, kabla ya kazi, kuhakikisha hewa ya chumba ni safi, na kila asubuhi ilikuwa safi. Lakini safari hii tulifanya mchana. Gesi ikatoka ileile. Mjomba alikuwa anavuta hewa tu na gesi imo. Tukachungulia dirishani. Chini yetu kuna lori la mizigo la jengo la pili, siku hizi linakuja kila mchana na kuegeshwa injini ikiunguruma, na moshi wake unapanda moja kwa moja mpaka kwenye tundu la hewa yetu. Kifaa kilikuwa hakina kosa lolote. Chumba ndicho kilikuwa kichafu.

Mkuu akacheka, akanipiga begani. Mimi sikuweza kucheka naye, dada. Kwa sababu sikukuambia nawe upulize. Sikukuambia umwite kinyozi apulize, wala upeleke kipimo dukani kikae mezani. Nilimpima mtu mmoja peke yake, na nilichokipata nikasema ni chake. Hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza tunawafukuza kwa kosa hili.

Uliniandikia mwenyewe: umeme unakatika, jenereta inanguruma uchochoroni, mlango nusu umefungwa. Kichwa, kutapika, uso kushuka, Jumapili nafuu. Nilisoma yote nikayaruka, nikatafuta shisha. Hiyo gesi ni ileile inayotoka kwenye sigara, na damu yake haiwezi kusema imeipata wapi. Nilikuandikia "mafuta" kwa mkono wangu mwenyewe na sikufikiri jenereta.

Na sasa analala humohumo. Mtoe. Kabla hujamaliza kusoma mtoe.

Mdogo wako


Tarehe 14 Mei

Mdogo wangu,

Yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hujalala.

Siku ile ilinyesha kutwa. Kinyozi akaona jenereta italowa, akaisogeza ndani ya uchochoro, chini ya bati, karibu kabisa na dirisha la nyuma la shemeji yako. Naye kwa mvua ile akashusha mlango wa mbele mpaka chini, akajilaza kwenye godoro maana kichwa kilikuwa kimezidi. Kompyuta ilikuwa imewashwa, anatumia waya wa jenereta hiyohiyo, kinyozi humgawia. Ikalia. Anasema alisikia mlio akadhani anaota, lakini akafungua macho akaona jina lako na herufi kubwakubwa. Anasema alisoma mstari ule kwa shida kama mtu anayejifunza kusoma. Miguu haikumbeba. Akatambaa mpaka mlangoni akainua ule mlango wa bati kidogo, kiasi cha kichwa kupita. Mteja wa kinyozi, nywele zimenyolewa upande mmoja, ndiye aliyemwona: kichwa na bega nje kwenye mvua, mwili ndani.

Mimi nilipata habari kwa kinyozi mwenyewe aliyekuja mbio na mkasi mkononi. Barua yako ilifika jioni nikiwa hospitali, ilipokelewa na binti yetu.

Walimwekea oksijeni. Wakampima damu. Daktari pale, si yule wa zahanati, akanigeukia akaniuliza, "Huyu huvuta sigara?" Na mdogo wangu, nikamwambia asubiri amuulize mwenyewe akizinduka. Wiki mbili nyuma nililijibia swali hilohilo ingawa mwenyewe alikuwa ameshajibu. Kama ningenyamaza siku ile, labda yule wa kwanza angefikiri zaidi. Labda angeuliza anafanyia kazi wapi. Nimemnyima mume wangu tiba kwa mdomo wangu, na huo ndio ukweli ninaolala nao.

Kipimo nilikiponda kwa mchi. Usinidai.

Amerudi nyumbani tangu Jumamosi. Jenereta imehamishwa, kinyozi amelia mbele yetu mpaka tukambembeleza sisi. Moyo wake wanasema umestahimili, lakini umechoka zaidi ya ulivyokuwa, na onyo la sigara ni lilelile, sasa mara mbili. Amekiacha hata kile cha stroberi. Anakula, anacheka na watoto. Mimi ananiongelesha kwa adabu, kama mteja. "Tafadhali." "Ahsante sana." Ningefurahi kama angenifokea.

Nimemwambia kuanzia sasa neno lake ni neno. Akisema ni mchana, ni mchana. Sitamuuliza tena alikokuwa, sitamnusa shati, sitapekua mfuko. Nimeapa mbele ya watoto. Akaitikia, "Sawa."

Ameomba anwani yako. Nimempa.

Dada yako


Tarehe 20 Mei

Shemeji,

Kabla hujaniandikia naomba nitangulie.

Nilikosea, na kosa langu lilikaribia kukuua. Sina maneno ya maabara ya kulifunika. Dada aliogopa tu, na mimi nikaigeuza hofu yake ikawa hukumu. Ulinilipia shule, ukanipokea likizo zangu zote nyumbani kwako, na siku ulipohitaji mtu mmoja wa kukuuliza vizuri, nikatuma mashine.

Hata hilo la nikotini, kichupa ndicho kilichodanganya, nami nililiandika hivyo. Ilibidi nisisitize kwamba huenda nawe ulidanganywa. Sikusisitiza.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Shemeji yako


Tarehe 2 Juni

Shemeji,

Barua yako nimeisoma. Ya kwangu itakuwa fupi, maana mkono bado unachoka.

Nianze na shukrani. Ujumbe wako ndio ulioniamsha. Bila wewe nisingekuwapo kuandika hapa. Nimelifikiria sana hilo, kwamba mtu mmoja amenitia shimoni na kunitoa, na sijajua nimshike mkono upi.

Unasema ungeniuliza vizuri. Namba yangu ya simu hukuwa nayo. Umenipima miezi miwili, shemeji, umejua damu yangu inavyopanda na kushuka, Jumapili na Jumatatu, na namba yangu ya simu hukuwa nayo.

Dada yako nimemsamehe siku ileile, kabla hawajanitoa oksijeni. Yeye alikuwa anaogopa kunizika. Mwenye hofu anasema lolote. Wewe hukuwa na hofu, ulikuwa na uhakika, na hilo linanichukua muda zaidi.

Sijui kama Mjomba wenu amewahi kuacha sigara. Mimi niliacha. Nilikuwa nazunguka mtaa mzima nisipite mbele ya kibanda cha sigara. Nilitafuna mipini ya visu vyangu vya kuchongea mpaka wateja wakadhani nina panya dukani. Asubuhi za mwanzo niliketi chooni nikitetemeka, nikatoka nikisema ni tumbo, ili watoto wasiogope. Hakuna jambo gumu kuliko hilo nililowahi kulifanya, na nililifanya kweli, na ndilo pekee ambalo nyumba nzima haikuniamini. Nikiwa mvutaji niliaminiwa kila kitu. Nilipoacha ndipo nikawa mwongo.

Sasa mambo yamegeuka. Dada yako anaamini kila nisemacho. Nikichelewa nasema foleni, anasema pole. Juzi nilimwambia pazia jipya ni zuri, akafurahi, na pazia lile ni baya mno. Hanusi shati. Akiona koti langu kwenye kiti analipita mbali kama lina umeme.

Jana nilipita mbele ya kile kibanda. Sikuzunguka. Nikanunua moja, ya kawaida, ya jani na karatasi. Vilivyomo unavijua kuliko mimi, sitakusumbua kukuhesabia. Nikasimama nyuma ya duka nikaivuta mpaka mwisho. Moyo ulinienda mbio, nikaogopa, na hata hivyo nikaimaliza. Nilirudi nyumbani nikinuka. Dada yako alinifungulia mlango, akavuta pumzi, nikaona ameisikia. Nikamwambia ni moshi wa lori barabarani. Akaniambia, "Pole, mume wangu, kaoge," akanichukulia mfuko.

Leo nimenunua nyingine.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyetaka sana kuujua ukweli wangu, na sasa unao mkononi mwako. Anavuta. Mwandikie dada yako, shemeji, umwambie.

Safari hii hatakuamini.

Shemeji yako